Fundi Cherehani Juu ya Paa

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Wewe mkwe wangu, kama umelifungua daftari hili, lifunge. Mtu mzima na pua kwenye mambo ya mama mkwe, huoni haya? Na kama umeshafika hapa, basi ujue: cherehani nimekuachia. Kuanzia leo naezeka mapaa.

Alianza mumeo. Jana kaniambia mbele ya wageni kwamba mama umechoka, sasa ukae. Kaninunulia na mto wa kukalia. Miaka arobaini nimekaa kwenye cherehani, halafu zawadi yangu ni kukaa tena! Nimeukalia asubuhi nzima. Haijafika saa tano, nimesimama.

Nimekwenda kwa fundi anayeezeka nyumba ya mwalimu, mtaa wa nyuma. Kaptula zake zote za shule nilizishona mimi. Akasema bibi, kazi hii inataka magoti. Nikamwambia ninayo mawili, ahesabu. Akasema juu kuna jua kali. Nikamuuliza kama wenzake wanajua kaptula zile zilichanika mara ngapi, na wapi. Akanipa siku tano za majaribio. Nikifaulu, naingia kwenye kundi, tunakwenda kuezeka zahanati. Nikishindwa, narudi kukaa.

Jumanne, tarehe 4
Mwili wote unauma. Hata nyusi, na sijabeba kitu kwa nyusi.

Kutwa kubeba mbao. Msaidizi wa fundi wanamwita Msumari, mwembamba, mdomo wake haupumziki. Kaniuliza mkongojo nimeuacha wapi. Nikamwambia nimeuacha kwa mama yake, akaufuate.

Mchana ngazi. Vidato vitano nikapanda, cha sita mguu ukagoma. Nikasema nimesimama kupunga upepo. Nikapunga upepo mpaka wenzangu wamemaliza kula.

Mwanangu kauliza mbona nachechemea. Nikasema nimeulalia mguu vibaya.

Jumatano, tarehe 5
Nimefika juu! Huko unaona kila kitu. Nani ameanika shuka lenye viraka, nani anasema hayupo na kumbe kajibanza uani. Nikamwona jirani yangu muuza mkaa, yule aliyetangaza mtaani kwamba nitashushwa kwa machela. Nikamsalimia kwa nguvu zangu zote. Kikombe kikamponyoka. Fundi akasema bibi, nyundo, salamu baadaye.

Nimepiga misumari kumi na tisa. Msumari kapiga zaidi ya mia, lakini yangu imenyooka kama pindo la shuka.

Alhamisi, tarehe 6
Leo nimewaonyesha.

Fundi na Msumari walikwenda kufuata mabati ya mbele. Wakaniambia nikae chini, niwasubiri. Kukaa tena! Na mabati ya upande wa jikoni yalikuwa yameshapandishwa, yamelala tu. Nikapiga hesabu: wakirudi wakute jikoni kumekwisha, fundi ataninyima nafasi kwa uso gani? Nikamwamuru mwalimu anishikie ngazi.

Sasa, yeyote aliyewahi kushona anajua shati huanzia mabegani. Nikaanza na safu ya juu kabisa, nikateremka. Kila safu ya chini nikailaza juu ya ile iliyotangulia, kama mfuko juu ya shati. Misumari nikaipiga kwenye mabonde ya bati, maana mshono mzuri hujificha kwenye mkunjo. Mwalimu akauliza kama ndivyo inavyokuwa. Nikamuuliza, yeye akifundisha mimi huwa namwingilia?

Walirudi jua limeshazama. Fundi akatazama juu, akashika kichwa kwa mikono miwili. Nimeichukua kuwa ni sifa.

Ijumaa, tarehe 7
Mvua. Tangu alfajiri.

Mke wa mwalimu amepanga jikoni sufuria tisa, ndoo mbili na beseni la mtoto, naye anapika na mwavuli. Fundi akapanda, akashuka, akavua kofia kama yuko msibani. Akanieleza polepole, kama anayemweleza mgonjwa. Bati huanzwa chini, la juu lilalie la chini, maji yapite. Misumari hupigwa kwenye mgongo wa bati, kwa sababu bondeni ndiko maji yanakopita. Mimi nimeyafungulia maji mlango, kisha nikayatobolea na matundu. Msumari alicheka mpaka akakaa kwenye tope.

Nikauliza kuhusu zahanati. Fundi akasema wagonjwa wa pale wanatosha.

Akaniomba basi nimshonee turubai la kufunika jikoni. Nikalishona kwa mkono, nimenuna. Halikupitisha hata tone. Akasema bibi, hii ndiyo kazi yako. Wivu huo. Ameona nitampita.

Jumamosi, tarehe 8
Nimefikiri usiku kucha, kosa nimeliona. Ni mteremko. Paa la mwalimu limeinama mno, maji yanakimbia kama yamefukuzwa. Paa la bapa lisingenifanyia vile.

Na muuza mkaa ana ghala lenye paa la bapa. Amekuja asubuhi, mpole, ameloa, akasema dada, ghala linavuja, naomba unishonee turubai. Nikamwambia mimi sishoni, naezeka, na kundi la fundi silihitaji, ninalo langu. Akauliza liko wapi. Nikamwambia ni wewe, utashika ngazi.

Safari hii naanzia katikati, kama kiuno cha gauni. Kwa hiyo nimemwagiza: kesho saa moja asubuhi, mvua iwepo isiwepo, paa la zamani liwe limeshabomolewa lote, na mkaa auache pale pale. Sitaki mtu wa kunipotezea muda.