Bibi Mauza wa Chumba cha Mbele

Jumatatu, 8 Septemba
Mama wa mchumba wangu Najat kasema binti yake haolewi kwenye chumba kisicho na dirisha. Changu hakina! Chumba cha mbele kinalo, tena pana, na kiko wazi. Ila Bakari, mchongaji kutoka Newala, kakiomba kabla yangu kwa mwenye nyumba, Bi Mwajabu. Nitamtoa kwa akili.

Jumanne, 9 Septemba
Nimemuuliza jirani yetu Mwalimu Adelina, mstaafu, mauzauza ni nini hasa na neno limetoka wapi. Kafungua kamusi: mambo ya ajabu yanayomtokea mtu, yasiyoeleweka. Asili haikuandikwa. Haikuandikwa! Basi nitaitunga mie.

Jumatano, 10 Septemba
Kijiwe cha kahawa. Nimewaeleza kwamba zamani hapa Mwananyamala aliishi Bibi Mauza. Alipofariki akawa anatokea dirishani, watu wanakimbia wakipiga kelele, Mauza! Mauza! Neno likazaliwa. Wakauliza aliishi nyumba gani. Nikakohoa kwanza. Ya Bi Mwajabu, chumba cha mbele. Mzee Talha akasema yeye kazaliwa hapa na hamjui bibi huyo. Nikaaga haraka.

Alhamisi, 11 Septemba
Bakari kaja kukiangalia chumba. Nilishafunga uzi kwenye pazia, nikauvuta nikiwa uani. Pazia likacheza lenyewe! Bakari katoka mbio, kamwambia Bi Mwajabu bora achukue changu cha nyuma. Tumebadilishana. Najat, jiandae!

Jumamosi, 13 Septemba
Pazia limecheza tena. Uzi nilishautupa. Ni upepo tu. Nadhani. Nimelala na taa.

Jumapili, 14 Septemba
Balaa! Habari za Bibi Mauza zimefika Kipawa, kwa kina Najat. Mama mtu kaja mwenyewe kusema binti yake haolewi kwenye chumba cha mauzauza. Nikaapa kwamba nilitunga. Kajibu kuwa hata hilo kalisema Bibi Mauza kwa mdomo wangu. Roho imeniuma sana.

Akiwa anaondoka akapita chumba cha nyuma. Bakari katoboa ukuta, kaweka dirisha lenye fremu ya nakshi! Kumbe alimwomba tu Bi Mwajabu, naye akasema toboa. Mama Najat akalitazama weee, kisha akauliza kama fundi huyo ameshaoa.

Jumatatu, 15 Septemba
Nimeamka na wazo zuri mno. Jioni nakwenda kijiweni kuwaeleza kwamba Bibi Mauza alikuwa na mdogo wake. Alikaa chumba cha nyuma.