Presha Yangu na Shamba la Ntalikwa

Jumatatu, 3 Desemba 1973
Dionis, balozi wetu wa nyumba kumi, kapita akitangaza: Ijumaa sote Ntalikwa, kulima shamba la ujamaa. Mimi pia! Mimi Yahaya, fundi cherehani, niliyezaliwa kukaa! Nikamkumbusha kwamba nina presha. Kasema hata yeye anayo, anameza vidonge vyake na jembe hajaliacha. Juzi kapimwa, 130 kwa 80. Mimi nilipata 140 kwa 90. Nimemzidi kote kote! Mke wangu Zamda anasema kwenye presha anayezidi ndiye aliyeshindwa. Wivu.

Jumanne, 4 Desemba
Nimemuuliza Nesi Tekla wa zahanati. Namba ya juu ni nguvu ya damu moyo unaposukuma; ya chini, moyo unapopumzika. Zikizidi sana, mgonjwa huandikiwa barua asifanye kazi nzito. Barua! Aliendelea kueleza mengine, lakini mimi nilikuwa nimeshaaga. Vidonge vyangu nimevitia kwenye droo ya cherehani, pamoja na vifungo. Zamda akiuliza, nimemeza.

Alhamisi, 6 Desemba
Siku tatu bila kidonge, na sijisikii chochote. Huenda presha imegoma kupanda! Nikala samaki, migebuka ya chumvi, nikanywa kahawa vikombe vinne, nikakimbia toka sokoni hadi zahanati. Watu wakadhani nimeiba.

Nesi akanifunga kile kitambaa mkononi, akaminya mpira, akasikiliza. Akanipumzisha, akapima tena. Tabasamu likamfutika usoni. 200 kwa 120! Nikaomba barua yangu.

“Barua ya nini, fundi? Panda kitanda!”

Nikasema mbona siumwi popote. Akajibu kwamba huo ndio ubaya wake: presha haipigi hodi, mtu anaanguka na kupooza huku anacheka. Nikautazama mkono wangu wa kulia, huu unaotunga uzi. Nikaungama habari ya vidonge. Nakiri, niliogopa.

Ijumaa, 7 Desemba
Bado kitandani. Jembe hakuna! Chumvi nayo hakuna. Mchicha wa leo ulikuwa kama kutafuna kitambaa kilicholowa. Zamda kaja, hakunigombeza hata neno moja. Hilo lilinitisha kuliko namba.

Jioni kaja Dionis, matope mpaka magotini, na mapapai mawili. Kasema mstari wangu wa mahindi wameulima wenzangu. Mtu mwema, sikatai. Ila kabla ya kuondoka kapimwa hapo hapo mbele yangu. 128 kwa 78. Nani alimwomba?

Jumatano, 12 Desemba
Nyumbani tangu juzi. Leo nimepimwa: 138 kwa 86! Nesi kanieleza polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza: hizo namba zimeshushwa na dawa, sijapona. Kidonge kimoja kila asubuhi, si pungufu, si zaidi, hata nikijisikia mzima. Nimemwelewa kabisa.

Mvua inapiga bati. Zamda kapika kisamvu cha karanga, nimeshona kaptula mbili, na Dionis kanipangia kazi ya kushona magunia pale pale shambani, nimekaa. Nitake nini tena?

Ila nimepiga hesabu. Kidonge kimoja kimenifikisha 138. Yule yuko 128, na anaringa. Kesho nameza vitatu.