Mpwa Mpya wa Marehemu

Marselina, anayepakana ua na Evodius pale Mkuza, anaapa kwamba marehemu Mwalimu Zahoro wa Masaki alimtokea Evodius ndotoni, kanzu nyeupe pe, akamwambia, mpwa wangu, wasomeshe watoto wa wenzio. Anasema Evodius aliamka akilia mpaka kuku wakashtuka bandani. Marselina si mwongo. Ila habari hiyo alipewa na Evodius mwenyewe, tena kwa makusudi, maana neno ukimpa Marselina asubuhi, hadi adhuhuri limeshafika Maili Moja bila kulipa nauli.

Ukweli hauna ndoto ndani yake. Evodius alikwenda Masaki, huko Kisarawe, kuuza dawa ya mikorosho, dawa iliyotoka bombani kwake ikatiwa rangi ya bluu. Akakuta wenye mikorosho wote wako kwenye arobaini ya mwalimu mstaafu. Tapeli mvivu angegeuza pikipiki. Yeye alivua kofia, akaingia, akala pilau ya watu kwa majonzi makubwa.

Hapo jamvini ndipo masikio yalipomsimama. Wanafunzi wa zamani wa marehemu, wengine wamekuja na magari yao kutoka Dar na Kibaha, walikuwa wakiinuka mmoja mmoja kueleza jinsi mwalimu alivyowalipia ada kwa mshahara wake mwembamba, na kila aliyeinuka alitaka kulia kuliko aliyemtangulia. Evodius akatazama machozi, akatazama suti, akaona ni dhambi huzuni ya namna ile kuachwa ikaondoka na magari yake.

Akainuka naye. Akasema mama yake ni Mzaramo wa hapohapo, dada wa marehemu, aliyeolewa Bukoba zamani habari zake zikapotea. Kwa Wazaramo mtoto wa dada si mgeni, ndiye ukoo wenyewe. Wazee wakatazamana. Mmoja akaikumbuka pua. Undugu ukapatikana kabla chai haijapoa, na mama yake Evodius, ambaye yuko Bukoba mpaka leo na Kisarawe hajapata kuiona, akawa amezaliwa upya Masaki bila uchungu.

"Mjomba hakutaka makaburi ya marumaru," Evodius akasema kwa sauti ya chini, ile inayowafanya watu wainame kusikiliza. "Tumuenzi kwa watoto. Tuanzishe mfuko kwa jina lake, usomeshe wasiojiweza kila mwaka, naye asife."

Yalikuwa maneno mazuri. Kila mtu pale aliyaamini, isipokuwa msemaji.

Kisha akamshika mkono Nuria, mjukuu wa marehemu, akamsimamisha mbele ya watu. Binti alikuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi na ada hakuna. Bibi yake, Bi Firdausi, mjane wa mwalimu, alikuwa ameshamwita mtu aje kununua mikorosho yao, shina na shamba. Evodius akatangaza kuwa huyu ndiye wa kwanza kusomeshwa. Jioni ile Nuria akamwomba bibi yake amrudishe mnunuzi alikotoka. Bi Firdausi akamrudisha, kisha akakaa kizingitini akimtazama mpwa wa mumewe anavyotafuna.

Kazi iliyobaki ilikuwa nyepesi. Evodius alimvuta pembeni Justin, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kibaha, akamnong'oneza kuwa atakayetoa kikubwa jina lake litasomwa baada ya la marehemu, na mwanawe anaweza kupenyezwa miongoni mwa wasiojiweza. Mtoto wa Justin anasoma shule yenye basi la njano, lakini baba akaona hilo ni haki yake kabisa. Siri hiyohiyo wakapewa wengine, kila mmoja peke yake.

Siku ya kuchangia, kapu liliwekwa katikati ya ua wa marehemu, watu wakawa wanatia mbele ya macho ya wenzao, kwa kushindana. Kapu likavimba. Evodius alikuwa ameegesha pikipiki ikitazama barabara.

Ndipo alipoingia Kristina.

Kristina ni Mnyamwezi anayechoma mkaa hapo Masaki na kuupeleka mjini mwenyewe kwa pikipiki za kukodi. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za mababu, na mtani penye msiba anamtania hata maiti, anachukua anachokitaka, na mfiwa haruhusiwi kununa. Alikuwa amevaa koti la marehemu na miwani yake, fimbo mkononi. Akamchapa Justin makalioni, akamuuliza kwa sauti ya mwalimu kwa nini amechelewa tena. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kisha akalibeba kapu.

Evodius akasimama. "Mama, hilo ni la watoto."

"Mjomba wako nilikuwa namla vitu vyake hivihivi," Kristina akasema. "Wewe ni wa ukoo huu?"

Ua mzima ukamgeukia Evodius. Akisema siye, wazee na fimbo zao wako palepale. Akisema ndiye, basi ni halali ya mtani.

"Ni wa ukoo," akasema.

"Basi vua viatu. Na ufunguo wa pikipiki lete."

Akavua. Akatoa. Tena alitabasamu, maskini, maana mfiwa hanuni. Kristina akampakia Nuria na kapu lake, wakaelekea chuoni. Ada ikalipwa. Iliyobaki wazee waliipeleka benki kwa jina la Mwalimu Zahoro, wakamweka Justin kuwa mlinzi, kwa kuwa yeye ndiye aliyetoa kikubwa na usingizi usingempata.

Evodius alikuwa bado amesimama pekupeku uani pale Bi Firdausi alipomjia na jembe.

"Mume wangu hakuwa na dada Bukoba," mjane akamwambia polepole. "Kristina nilimwita mimi. Lakini mtu akijileta mwenyewe kwenye ukoo, mwanangu, hafukuzwi. Anapewa kazi. Mihogo iko kule nyuma."

Akalima mpaka jua likapoa.

Kesho yake, viganja vimetoka malengelenge, akaenda kwa Kristina kukomboa vitu vyake kama mila inavyotaka, kwa unyenyekevu. Akaikuta pikipiki imeshafungwa magunia ya mkaa, marefu kupita mpandaji. Akamwamkia. Kristina akaitikia marahaba, akaendelea kukaza kamba za mpira. Evodius akaomba pikipiki. Akaona kamba zinakazwa zaidi. Akashuka bei, akaomba viatu. Viatu alikuwa navyo Kristina miguuni.

Kutoka Masaki hadi barabara kubwa ni mchanga mtupu, na jua lilikuwa limeshaanza kuukaanga.

"Basi mtani," Evodius akasema, "nipe hata lifti mpaka barabarani."

Kristina akapanda, akapiga kiki, akamwachia moshi.