Kulia Saa Nne, Kucheka Saa Tano

"Umma wa Malangali, Milanzi na vitongoji vyote vya Sumbawanga unatangaziwa kwa furaha kubwa kwamba Bi Klementina amerejea salama kutoka Malawi, na kwamba ameathirika kwa majonzi. Ataponywa rasmi Jumamosi mbele ya Mgeni Rasmi. Wote mnakaribishwa. Kabla ya hapo asipewe kisu, mtoto mchanga, wala siti ya dirishani."

Gari la matangazo lilipopita, mwathirika mwenyewe alikuwa uani anapepeta ulezi, tena ametoka kulala usingizi wa pono. Hakuwa na habari kwamba anaumwa. Huko Malawi, alikokwenda kupika baada ya mafuriko, washauri waliwasikiliza waliofiwa mchana kutwa, na jioni Klementina aliwasikiliza washauri. Aliwapakulia ugali, akawauliza kama wamekula, akawaacha waseme. Basi. Alichorudi nacho ni miguu kuvimba.

Sasa alitaka jambo moja tu: kushuka Muze, ambako binti yake Edith amejifungua mtoto wa kwanza, akamshike mjukuu. Akafunga unga wa uji wa mzazi, huyo stendi.

"Shikamoo, mama," alisema konda Ridhiwani, mlango ameuziba kwa mkono.

"Marahaba. Nipokee mfuko."

"Siwezi, mama yangu. Umetangazwa. Ukipandwa na wazimu kwenye zile kona za mteremko, atajibu nani?"

"Wazimu niutoe wapi? Mikono hii ndiyo iliyokupokea ulipozaliwa!"

"Ndiyo maana naogopa, mama. Kapone kwanza. Nitakupa siti ya mbele kabisa."

Kamati ya Kupokea na Kuponya Waliorejea ilimkaribisha kwa heshima zote. Mwenyekiti, Bwana Baltazari, alikuwa mtaalamu: aliwahi kuhudhuria semina ya majonzi, na chakula cha mchana kilimgusa sana. Akamsomea kanuni. Mwathirika hulia, kisha hucheka. Akishacheka amepona, ruksa kusafiri.

"Saa nne kamili unalia, mama. Saa tano unacheka. Baada ya hapo, soda."

"Nikianza na kucheka?"

"Utakuwa umeruka hatua. Kanuni hii Mgeni Rasmi, Mheshimiwa mwenyewe, ameitia saini."

"Lakini machozi sina, baba."

Katibu, Bi Munira, mtu wa vitendo, akaleta vitunguu kutoka dukani kwa baba yake. Akavikata mwenyewe, maana mwathirika haruhusiwi kisu. Munira akalia mpaka mtandio ukalowa. Klementina akauliza nyanya ziko wapi.

Jumamosi watu walijaa uwanjani, wengine wamekuja na vigoda vyao. Saa nne Mheshimiwa akaketi mkabala na Klementina, kipaza sauti katikati yao. Klementina alijitahidi kwa moyo wote. Akamkumbuka marehemu mumewe, lakini akakumbuka alivyokuwa akikoroma, akakaribia kuruka hatua. Akamkumbuka ng'ombe aliyekufa. Hata tone! Akaiona Muze inazidi kwenda mbali.

Alipoinua macho akamwona Mheshimiwa anapiga miayo, macho mekundu, mashavu yameshuka. Mazoea yana tabu. Klementina akapiga magoti, akapiga makofi taratibu kama Wafipa wanavyomwamkia mtu wa heshima, akasema:

"Mwanangu, umekula? Na wewe nani anakusikiliza?"

Mheshimiwa akatabasamu kidogo. Kamati nzima ikaangua kicheko.

"Umewaona, mama?" akasema Mheshimiwa. "Wanacheka kabla sijamaliza. Miaka yote wako hivyo. Juzi nimewaambia jino linaniuma, wamesimama wakanipigia makofi!"

Akalia. Spika zikakipokea kilio zikakifikisha mpaka Milanzi.

Kamati haikubabaika. Bi Munira alitazama saa, akautangazia umma kwamba kilio kimefanyika ndani ya muda. Bwana Baltazari akamkalisha Mheshimiwa kwa upole kwenye kiti cha mwathirika.

"Niitieni dereva," alisema Mheshimiwa, akifuta kamasi kwa tai.

"Haiwezekani, Mheshimiwa. Umeshalia. Mpaka ucheke."

"Nani katunga upuuzi huu?"

Bi Munira akamfunulia karatasi ya kanuni.

"Saini ni yako, Mheshimiwa."

"Na mimi je?" akauliza Klementina.

Bwana Baltazari akafikiri kitaalamu. "Wewe, mama, huna kiti. Kamati ina kiti kimoja tu cha ugonjwa, na kina mtu. Kwa hiyo umepona."

Klementina alikwapua mfuko wake wa unga, akaliwahi gari. Jua lilipozama alikuwa Muze, mjukuu yuko mapajani, amemkamata bibi kidole hataki kuachia.

Mheshimiwa yuko Sumbawanga bado, anaendelea na matibabu. Kila asubuhi hujitahidi kucheka ili aruhusiwe kwenda nyumbani. Lakini akifungua mdomo tu, Kamati nzima inamtangulia kwa kicheko, naye anaanza kulia upya.