Mpanda Baiskeli wa Darajani

Jumatatu, tarehe 4 Mei

Asubuhi njema. Nimesukuma baiskeli hadi darajani kabla watu hawajajaa. Mfereji umetulia, bata wanajipitia. Gari haliruhusiwi njia ile. Ni miguu na baiskeli tu, kuanzia bustani ya jiji mpaka mfereji unapoishia. Nikajimwagia maji ya chupa kichwani, nikaanza kuhema. Wapita njia wakanipa pole ya mazoezi. Nikaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyetoka mbali.

Uzuri wa daraja lile ni kibao chake: SHUKA, SUKUMA BAISKELI. Ni jembamba, kwa hiyo kila mtu anashuka. Ukinikuta pale nasukuma, huwezi kujua kama nilikuja nimepanda. Sikupanda. Sijui kupanda. Tangu nizaliwe sijakalia baiskeli inayotembea.

Wa kulaumiwa ni mwanyumba wangu, yule aliyeoa dada wa mke wangu. Tunamwita Soksi, kwa zile soksi ndefu za kuendeshea baiskeli anazovaa hata mezani. Siku moja alijisifia anavyouendesha mfereji wote weee, wakwe wamemkodolea macho, chakula kinapoa. Mdomo wangu ukasema hata mimi huenda kila alfajiri. Ikabidi ninunue baiskeli.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ina urefu wa daraja tu.

Jioni mke wangu karudi anacheka peke yake. Ni muuguzi, na amepata ile nafasi aliyoisubiri miaka: kuongoza wodi ya wazazi katika kliniki iliyo mwisho wa mfereji. Anaanza Jumatatu ijayo. Basi la kule huzunguka jiji zima na kufika wenzake wameshapokezana zamu, na ameambiwa wazi kwamba asiyewahi, nafasi inakwenda kwa mwingine. Njia ya kuwahi ni ya mfereji, na yeye baiskeli hajui. Akanishika mkono. Akasema kweli Mungu hamtupi mja wake, amempa mume mwalimu.

Nikasema kazi ndogo.

Jumanne, tarehe 5 Mei

Mpango: kujifunza mwenyewe, kimyakimya, stoo ya duka. Ninauza mapazia. Stoo ni ndefu, na marobota ya vitambaa yamepangwa pande zote mbili. Nikianguka, naanguka pahali laini. Nilijiona nina akili.

Bosi alipotoka kwenda kupima madirisha ya mteja, nikapanda. Baiskeli ikaenda. Ilikwenda vizuri mno, ikapita mlango wa stoo, ikaingia dukani, ikavaa pazia la maonyesho dirishani. Nikashuka nalo, pamoja na bomba lake na kulabu zote. Nje ya kioo walikuwa wamesimama wanawake wawili na mbwa. Mmoja alinipungia mkono. Nilibaki nimejifunika lile pazia mpaka waondoke. Hawakuondoka.

Bosi alirudi akauliza nini kimetokea. Nikasema upepo. Akautazama mlango uliofungwa, akanipa kulabu zote nizipange upya, kubwa na kubwa, ndogo na ndogo. Wala hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma.

Jioni mke wangu alikuwa keshavaa raba, tayari kwa somo. Nikasema walimu wazuri hawaanzi na baiskeli, wanaanza na mwili. Nikamkalisha kwenye stuli ya jikoni, nikampa ufagio ashike kama usukani, nikamwambia azungushe miguu hewani. Akazungusha. Jikoni, na sufuria ikichemka nyuma yake. Aliuliza kama anafanya vizuri. Nikasema vizuri sana, ila mgongo. Nikaenda kuoga ili nisimtazame tena.

Jumatano, tarehe 6 Mei

Alfajiri nimezitoa tairi zote mbili upepo. Baiskeli mbovu, somo hakuna. Kesho yake je? Ya kesho ni ya kesho.

Ila shemeji yangu, dada wa mke wangu, alipita kutupa pongezi za ile nafasi, na nyuma yake Soksi na soksi zake. Ana pampu. Anatembea na pampu kama wengine wanavyotembea na leso. Akajaza tairi huku anapiga mluzi, akazibonyeza kwa kidole gumba, akasema ajabu, tairi hizi bado zina vile vinyweleo vya mpira vya dukani. Nikasema mimi huendesha taratibu, sichakazi vitu.

Akamgeukia mke wangu. Akasema kama mwalimu ana shughuli nyingi, yeye yupo, siku mbili tu atakuwa anateleza. Moyo wangu ukaruka kwa furaha. Nimeokoka! Nikafungua mdomo nimshukuru.

Mke wangu akakataa. Akasema ana mume wake, na kama ni kuanguka, ataanguka mbele ya mume wake, si mbele ya watu. Alilisema taratibu, anakunja leso yake. Soksi akainamisha kichwa. Mimi nilikwenda kuangalia kama maji yamechemka. Hatukuwa tumebandika maji.

Siku nzuri ya kufa ni ipi? Sijui. Ningeijua, ningeichagua.

Alhamisi, tarehe 7 Mei

Leo tumekwenda bustanini. Hakukuwa na pa kukimbilia.

Nilileta bomba la pazia kutoka dukani, lile la mbao. Nikalifunga wima nyuma ya tandiko kwa utepe wa mapazia, mafundo mawili, kama tunavyofunga mapazia mazito ya ukumbi. Hivyo nikaweza kumshika asiyumbe bila kuinama. Hili nilibuni mwenyewe, na naliandika hapa kwa sababu ndilo jambo pekee wiki hii lisilonitia aibu.

Tukazunguka bwawa. Yeye juu, mimi nyuma na bomba langu. Nikawa namwambia yale niliyomsikia Soksi akiyasema mezani: tazama mbele, usitazame gurudumu, kanyaga, nimekushika. Wazee wastaafu kwenye benchi wakageuza shingo tukienda, wakageuza tena tukirudi. Akaanguka, goti likachubuka. Akauliza mimi nilianguka mara ngapi nilipokuwa najifunza. Nikasema sikumbuki. Akanitazama kidogo, akapanda tena.

Tukazunguka mpaka soli ya kiatu changu ikaanza kupiga makofi. Halafu nikaona bomba halipo mkononi mwangu. Lilikuwa linakwenda zake, na baiskeli, na mke wangu juu! Peke yake, sketi inapepea, anacheka kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tuoane. Machozi yakanitoka, siyafichi.

Kisha akaanza kupiga kelele akiuliza inasimamishwaje.

Sikuwa najua. Dukani ilisimamishwa na pazia. Nikapayuka kitu pekee nilichokuwa na uhakika nacho, yaani maneno ya kibao: shuka, sukuma. Atashukaje, mtu anakwenda? Akapita kati ya bata, akapita juu ya nyasi, akatua mapajani mwa mstaafu mmoja aliyekuwa anasoma gazeti. Mstaafu akamwonyesha breki. Ziko kwenye usukani, kumbe, pande zote mbili.

Nikasema breki nilikuwa nimeziweka somo la pili. Mke wangu alipangusa nyasi kwenye sketi, akasema sawa.

Ijumaa, tarehe 8 Mei

Leo amefanya mazoezi peke yake, nikamtazama kutoka kwenye benchi. Anapanda, anakata kona, anasimama. Ameshajua. Mimi mwalimu bado.

Baada ya kula alikaa akishona sketi. Akauliza, macho yakiwa kwenye sindano, kama kuna lolote nataka kumwambia kabla ya kesho. Kesho anataka tujaribu njia nzima hadi kliniki, yeye na baiskeli ya dada yake, mimi na yangu, na Soksi atatusindikiza.

Lilifika kooni. Naapa lilifika. Nikasema tumesahau kufunga dirisha la chumbani.

Akasema nenda kalifunge basi.

Jumamosi, tarehe 9 Mei

Aibu. Nitaandika haraka.

Mpango ulikuwa huu: nitangulie alfajiri, nisukume hadi darajani, wanikute pale nikihema. Tuvuke pamoja tukisukuma, kama sheria inavyotaka. Kisha nipate pancha. Msumari nilikuwa nao mfukoni.

Wakafika. Tukavuka. Nikaingiza mkono mfukoni. Msumari ulikuwa umetoboa mfuko, umetoka zake. Walioutoboa mfuko ni mimi na akili zangu.

Soksi alisimama mguu mmoja chini, akasema tumwone mwalimu. Watu wa darajani, wale wanaonisalimu kila asubuhi, nao wakasimama. Ikabidi nipande. Baiskeli ikaanza kuinama upande wa maji, taratibu, bila haraka yoyote.

Halafu haikuinama tena. Nilisikia miguu inakimbia nyuma yangu. Bomba la pazia lilikuwa bado limefungwa pale, nilisahau kulifungua. Mke wangu alikuwa amebwaga baiskeli ya dada yake njiani, amelishika bomba, anakimbia na goti lake bovu. Akaniambia chinichini, nisikie mimi tu: tazama mbele, usitazame gurudumu, kanyaga, nimekushika.

Nikakanyaga. Tukapita mbele ya watu wote hivyo, mimi juu, muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi nyuma yangu. Nilikwenda hivyo mpaka kwenye kona. Kona hatukuwa tumesoma. Nikaingia mferejini.

Maji yalinifika kwenye mkanda. Bata walinisogelea. Soksi alivua soksi zake, akazikunja vizuri, akaingia kunitoa, na hakucheka hata kidogo. Heri angecheka.

Tulikaa kwenye nyasi mimi na mke wangu hadi suruali ikauke. Akaniambia anajua tangu mwezi uliopita. Mwezi ule alikuwa zamu ya usiku, basi lake la kurudi lilipita barabara ya juu, na kila alfajiri aliniona darajani nikijimwagia maji. Hilo halikumuudhi, alisema, alicheka peke yake mpaka kondakta akamuuliza kulikoni. Ila wiki hii jambo lilikuwa zito kwake, akadhani kwa jambo zito nitasema sijui. Kila siku alinifungulia mlango, na kila siku niliufunga. Alikaa kwenye ile stuli akijua.

Nikamuuliza kwa nini basi hakwenda kwa Soksi. Akasema Soksi asingekimbia mpaka kiatu kiachame.

Hapo ndipo niliposhindwa kumtazama kabisa. Aliomba kitu kimoja: siku akiniuliza jambo nisilolijua, niseme sijui. Nikaapa. Nikaapa tena njiani, na suruali inadondosha maji.

Jumatatu, tarehe 11 Mei

Ameondoka alfajiri. Nilimsindikiza hadi darajani kwa miguu, bila baiskeli na bila chupa. Alishuka, akasukuma, akapanda upande wa pili, akapiga kengele. Nilimtazama mpaka njia ikamficha. Baadaye alipiga simu dukani: amewahi, amekuta funguo za wodi zinamsubiri mezani. Nilimwambia bosi. Nilimwambia na mteja wa mapazia ya bafuni.

Mchana kutwa nimekuwa nafanya mazoezi ya kusema sijui. Mbele ya kioo cha duka. Sijui. Kumbe ni neno jepesi, halina hata kona.

Jioni, mke wangu hajarudi, nikapita kwa mama mkwe kumpelekea habari njema. Nikamkuta Soksi, soksi mpya. Mama mkwe alikuwa analalamikia magoti. Daktari kamwambia dawa yake ni kuogelea, na yeye maji anayaogopa tangu utoto; ataingia tu na mtu wa nyumbani anayemwamini. Akauliza kama kuna anayejua kuogelea. Soksi akatazama chini, akasema yeye, kusema kweli, hajui.

Hajui! Soksi! Mama mkwe akanigeukia mimi. Nikafungua mdomo niseme lile neno. Nimelifanyia mazoezi siku nzima, lilikuwepo pale pale ulimini.

Nikasema kazi ndogo.

Tunaanza Jumamosi. Si uongo mtupu: juzi nilikaa majini na sikufa. Na maji ukiyavulia nguo, sharti uyaoge. Nimeshapita mferejini kuangalia. Chini ya daraja kuna ngazi, maji yanafika kiunoni tu. Mtu akisimama pale na nywele zimelowa, hakuna awezaye kujua kama alikuja akiogelea. Mke wangu nitamwambia wakati mzuri ukifika.

Taulo nimeshanunua.