Mkubwa Hupiga Mwisho

Jumatatu, 2 Juni 2025. Euless, Texas.

Kioo cha mbele cha gari langu kimepasuka. Mpira! Tena si mpira wa kueleweka, kampira kadogo kekundu, kagumu kama jiwe. Nikatoka nje na slipa, matusi tayari mdomoni. Kumbe ni kijana Mnepali anayekaa jengo la pili kwa mjomba wake, yule ambaye huniuzia nyama ya mbuzi dukani kwake. Anaitwa Dipesh. Alikuwa anafanya mazoezi ya kriketi kwenye parking. Akaunganisha viganja kifuani, akainamisha kichwa, akaniita Uncle, akaomba msamaha mpaka mimi ndiye nikaona aibu.

Nikarudi ndani nika-google jina lake, nijue ninayemshtaki ni nani. Weh! Kijana wa miaka ishirini amechezea timu ya taifa ya Nepal! Kuna video watu wamepanda miti nje ya uwanja ili wamwone. Miti! Mimi hata mkutano wa mtaa huu nikisimama kuongea, watu wanatoka kwenda kuchukua soda.

Kioo nimesamehe. Nimepata wazo.

Jumanne, 3 Juni.

Chanzo cha yote ni Kiprop wa kanisani kwetu. Ana mkimbiaji wake wa marathon, Jepchirchir, na tangu awe meneja wake hatupumui. Kila Jumapili wakati wa matangazo lazima asimame atueleze Jepchirchir amekula nini. Na kazini, kule bohari ya mizigo karibu na uwanja wa ndege, Wazungu wakisikia mimi ni Mkenya wananiuliza nakimbia kwa kasi gani. Mimi ni Mkisii! Ghorofa ya pili napanda kwa lifti.

Nami nimepata mwanaspoti wangu. Jioni nilienda kwao. Chai yao ni ya maziwa na tangawizi kama yetu, watu wazuri sana. Dipesh akanieleza shida yake. Aliumia bega, akakaa nje, na nafasi yake timu ya taifa ikachukuliwa na mwingine. Sasa kuna timu ya kulipwa inatafuta mpigaji mmoja tu wa msimu huu. Majaribio ni Houston, Jumamosi ya tarehe kumi na nne, saa mbili kamili asubuhi. Akipata, watamwona kwao na kumwita tena. Akikosa, anarudi Kathmandu kutazama wenzake kwenye televisheni. Mjomba hawezi kufunga duka kumpeleka.

Nikasema nitampeleka mimi. Kijana alishika mkono wangu kwa mikono miwili. Jerioth, mke wangu, anasema mimi nilisema meneja lakini kijana alisikia dereva. Nesi mzima, na bado hana maono.

Jumapili, 8 Juni.

Nimeruka kanisa kwenda kumsimamia mchezaji wangu. Mechi ya klabu yake, wachezaji ni majirani tu. Na jambo la kwanza ninaloona ni dharau. Wamempanga Dipesh apige wa kwanza! Wa kwanza, kama mtu aliyetumwa kufungua mlango! Tangu lini mgeni wa heshima akafungua hafla? Kwetu wanaanza watoto wa kwaya, halafu wazee, halafu chifu, halafu mheshimiwa. Mkubwa huja mwisho. Hata kuku hupikwa wakati watu wamekwisha kukata tamaa.

Nikamchukua nahodha pembeni. Nikamwambia, kama meneja, kwamba mchezaji wangu atapiga wa mwisho, kwa heshima yake. Nahodha akaniangalia sana, akauliza kama bega limerudi kuuma. Nikamjibu kwamba mambo ya mchezaji wangu nayajua mimi. Akampanga wa mwisho.

Kumbe katika mchezo huu wa mwisho ndiye asiyejua kupiga! Wale wengine wakala mipira yote. Dipesh alipata mmoja tu, hata huo ukapita, mechi ikaisha. Alikuwa amekaa na helmeti kichwani kwenye jua la Texas muda wote huo. Hakunilaumu. Aliniuliza tu, kwa upole, kama nimewahi kutazama kriketi. Nikamwambia uongozi ni uongozi.

Jumatano, 11 Juni.

Jerioth amenifokea. Ati Baba Moraa, huyo ni mtoto wa watu, hiyo nafasi ni moja, usimharibie. Nani anaharibu? Mimi najenga! Nimempigia binamu yangu Mokeira wa Sugar Land, karibu na Houston. Tutalala kwake Ijumaa, uwanja uko kama nusu saa tu kutoka hapo. Jumamosi asubuhi kutakuwa na maombi mafupi ya kumsindikiza kijana. Mafupi. Watu wachache. Mokeira amekubali, na Mkisii akikubali kupokea mgeni ujue mbuzi ameshaanza kuandika wosia.

Nimemwalika Kiprop pia. Yuko Houston wikendi hii na Jepchirchir. Aje ajionee meneja wa kweli. Mwenye wivu ajinyonge.

Ijumaa, 13 Juni. Barabarani, halafu Sugar Land.

Jerioth amekuja nasi. Anasema anakuja kumsalimia Mokeira. Hajamsalimia Mokeira tangu harusi.

Dipesh alipakata bati lake, lile gongo la kupigia mpira, njia nzima, foleni isiwe foleni. Jerioth akamuuliza habari za mama yake. Akasema mama hajawahi kutazama hata mechi moja. Akisikia mwanawe anapiga anaingia chumbani, anafunga mlango, anaomba mpaka kelele za majirani ziishe. Tangu aumie bega, akasema, mlango huo umekaa wazi. Nikajifuta macho. Nadhani ni pilipili ya ile sambusa ya kituo cha petroli.

Nikamwambia asijali. Nikamfundisha mkakati: saa mbili maana yake saa nne. Ukifika saa mbili utakuta wao wenyewe wanapanga viti. Ukifika saa nne, macho yote yako mlangoni. Jerioth aliangalia nje dirishani, midomo imekazwa. Najua hiyo midomo. Nikaongeza sauti ya redio.

Jumamosi, 14 Juni. Sugar Land.

Nimesalitiwa! Nitaandika taratibu, jambo baada ya jambo.

Saa kumi na mbili na nusu sebule ya Mokeira imejaa. Wakisii wa Sugar Land, Wakisii wa Alief, Kiprop kiti cha nyuma kabisa, na Wakongomani wawili waliofuata harufu. Dipesh tukamketisha meza kuu, tukamvika shada la karatasi zinazometameta, kama desturi. Hapo kijana machozi yakamlengalenga. Akasema kwao pia mtu akisafiri huvikwa shada, na lake la mwisho alivikwa na mama. Mokeira akalia. Mimi pia, kidogo, kwa sababu za kiuongozi.

Kukawa na ombi la kufungua. Ukaribisho. Kila mtu akasimama kusema jina, kijiji na kanisa, na kuna mzee mmoja alieleza mpaka boma la babu. Nikamwona Dipesh anatazama saa ya ukutani. Akaniuliza kwa kunong'ona kama tutawahi. Nikampiga begani (lile zima, mimi si mjinga) nikamwambia haraka haraka haina baraka. Jasho lilikuwa linamtoka mpaka shada likawa linamnatia shingoni.

Ikaja zamu yangu. Nilihutubia! Nilianzia mlima Everest, nikapitia vilima vya Kisii, nikaonyesha kwamba sisi watu wa milimani ni ndugu. Nilimgusia Kiprop kwa mbali, kwamba kukimbia hata mbwa anaweza. Watu walicheka, lakini nikaona wanacheka wakitazama nyuma yangu. Nikafika kilele. Nikasema sasa namkaribisha mgeni wetu wa heshima. Nikageuka.

Kiti kitupu. Shada halipo. Bati halipo. Mlango wa jikoni wazi. Jerioth hayupo. Kiprop hayupo. Mokeira akaniambia nikae nile, ati walitoka nilipokuwa bado niko Everest.

Nilifika uwanjani saa nne, kama nilivyopanga. Watu walikuwa wanakunja nyavu. Kiprop alikuwa ameketi kivulini anakula chungwa. Asante ya punda ni mateke.

Jumapili, 15 Juni.

Amepata! Wamemchukua! Alifika dakika tano kabla, akapiga wa kwanza, kocha akasimama. Kiprop aliendesha, Jerioth alikaa nyuma akimkanda bega. Leo kanisani Kiprop alisimama wakati wa matangazo akasema neno moja tu, kwamba tumshukuru Mungu kwa ajili ya Dipesh. Hakujitaja. Mbinu chafu kabisa.

Nyumbani Jerioth aliniuliza kama nimejifunza kitu. Nikamwambia nimejifunza kwamba maombi yangu yalijibiwa kabla hata sijamaliza hotuba. Akazima jiko, akaenda kulala bila kunipakulia. Baadaye Dipesh akapiga simu, si kunilaumu, kunishukuru kwa shada. Ameitwa tena na timu ya taifa kufanya mazoezi msimu ukiisha. Mama yake amefunga mlango. Nilikaa kwenye ngazi nje muda mrefu. Nilifurahi kweli, hilo naliandika na halimhusu Kiprop.

Jumamosi, 5 Julai. Grand Prairie.

Mechi yake ya kwanza! Alitutumia tiketi sote, za mbele kabisa, na ujumbe wangu peke yangu: Uncle, tafadhali njoo mapema, mimi ndiye ninayefungua. Mtoto mwema. Bado hajaelewa itifaki.

Jerioth na Kiprop walitangulia saa nzima kabla, kama wafagiaji. Mimi nilioga pole pole. Nikavaa suti. Nikanyoa mara ya pili. Nikapitia kwa mjomba wake kumsalimia, nikakuta duka limefungwa, hata mjomba ameshaenda.

Na sasa sikiliza, ewe unayedharau mkakati. Naingia uwanjani, mlango ule wa mbele, suti inawaka. Uwanja mzima ukasimama! Wote! Makofi, vuvuzela, bendera zile za Nepal za pembe tatu, wazee wa Kinepali wanalia wazi wazi. Nikasimama. Nikapunga mkono kushoto, nikapunga kulia. Dipesh alikuwa anatoka uwanjani polepole, amevua helmeti, kwenye mpini wa bati amefunga kipande cha shada la Sugar Land. Akaniona. Akanyanyua bati juu.

Jerioth anasema makofi yalikuwa ya Dipesh, ati amepata karibu runi mia, yaani pointi, na ndiyo kwanza ametolewa, na mimi sikuona hata mpira mmoja. Kiprop alinitolea kiti, akanipa chungwa. Wivu ni ugonjwa.

Mechi ijayo nitachelewa zaidi.