Namba Isiyogawanyika ya Balozi Telesfori

Laki moja na moja! Hiyo ndiyo namba aliyoigundua Telesfori, balozi wa nyumba kumi pale Kasansa, na kwa maelezo yake mwenyewe, tangu dunia iumbwe hajatokea mtu wala shetani wa kuigawanya ikaisha.

Mwaka 1975 kijiji kizima kilikuwa kwenye elimu ya watu wazima. Wenzake wakihangaika na a-e-i-o-u, Telesfori alikuwa keshahamia kwenye kugawanya, na siku hizo alitembea kifua mbele kama askofu siku ya kipaimara.

"Mbili, inabaki! Tatu, inabaki! Saba, inabaki! Nimekwenda mpaka kumi, nyie! Haigawanyiki!"

"Na juu ya kumi je?" aliuliza Mwalimu Yohani.

Telesfori alimwonea huruma. "Mwalimu, mimi ni balozi wa nyumba kumi. Kuanzia hapo ni kazi ya balozi mwingine."

Darasa likapiga makofi. Pelagia hakupiga. Alikuwa mjane mwenye watoto wanne, na nyumba yake ilikuwa ya kumi na moja kwenye mstari. Telesfori aligoma kuiandika, na balozi wa pili naye akasema si yake. Sukari ya mgao ikija kutoka Mpanda, kilo moja kila nyumba, yeye aliambulia kuinusa tu. Na mgao mwingine ulikuwa Jumamosi hiyo.

"Balozi, nikiigawanya hiyo namba ikaisha, nyumba yangu utaiandika?"

"Nitaiandika! Na Jumamosi kilo yangu chukua wewe!"

Kule nyuma mkewe Romana aliruka kama aliyekalia siafu. "Baba Rafaeli! Kilo ya nani?"

"Tulia, mama. Hii ni hesabu."

Pelagia akashika chaki. "Tuanze na nyumba zako kumi. Kila nyumba elfu kumi, inabaki moja. Hiyo inayobaki ndiyo mimi."

Watu wakacheka, naye akafuta kumi, akaandika kumi na moja.

"Mia moja, kumi na moja inaingia mara tisa, inabaki moja. Nashusha sifuri, kumi, haiingii. Nashusha sifuri, mia tena, mara tisa, inabaki moja. Nashusha moja, kumi na moja. Mara moja."

Akapiga mstari. Sifuri!

Elfu tisa na tisini na moja kila nyumba, hata punje haikubaki. Telesfori alidai wazidishe kurudi nyuma. Mwalimu akazidisha, na laki moja na moja ikarudi nzima nzima. Balozi akamgeukia Pelagia.

"Nani kakwambia ujaribu kumi na moja?"

"Naishi humo, balozi."

Jumamosi aliandika jina la Pelagia kwa mkono wake na kumpimia ile kilo aliyoahidi, macho yamemtoka kama anazika mzazi. Jumapili baada ya misa akarudi nyumbani, akadai chai. Jiko limezima, mke hayupo, watoto hawapo! Kutega sikio, vicheko vyote viko nyumba ya kumi na moja, kwenye sukari.

Akaenda. Mlangoni akakohoa kwa cheo.

"Hodi! Nimekuja kukagua nyumba mpya ya eneo langu."

Pelagia akachungulia nyuma ya mgongo wa balozi, akaona kikombe alichokificha.

"Karibu balozi, kagua. Ila kikombe kiache nje."